Viti Saba vya Dympna Mohan

Nilimwona Dympna Mohan kwa mara ya kwanza asubuhi ya mvua, mwaka ule kiwanda cha maziwa cha Drumgarra kilipofungwa. Nilikuwa kwenye pampu, mahali nilipokuwa tangu nilipoacha shule, na ndipo nilipo hadi leo. Kituo cha akina Treanor kina pampu mbili na duka dogo, na wanaume wa parokia yetu hupenda kusimama chini ya paa lake, chai mkononi, wakisubiri mvua iishe. Mvua ya kwetu haina haraka, na wao pia hawana.

Likaingia shangingi la kijivu, refu kama zizi, godoro limefungwa juu na watoto wanne wakipigana ndani. Akashuka mwanamke mfupi mwenye koti la kiume, nywele zimelowa. Akaniambia nijaze. Watu wa kwetu hawasemi jaza. Husema weka ya ishirini, weka ya thelathini, kisha huikodolea macho pampu kana kwamba itawaibia. Huyu alinigeuzia mgongo akaenda kuamua ugomvi wa watoto.

Mmoja wa waliosimama pale alikuwa Phelim Mohan, mfuga ng'ombe kutoka mlimani, na kwa jinsi alivyoshtuka nikajua kuwa huyu ni mdogo wake, yule aliyekwenda Uingereza akiwa msichana. Mume alikuwa amebaki Coventry. Kwa nini amebaki, hakuna aliyemuuliza Dympna usoni.

Barabara zetu zinapimwa kwa kilomita na dizeli tunaiuza kwa lita, lakini ulaji wa gari tunauhesabu kwa maili kwa galoni, kama baba zetu, maili nyingi ndiyo sifa, na katika hesabu hiyo hakuna mwanamume anayesema kweli. Mtu ataungama dhambi zake zote kwa padri Jumamosi, na Jumapili baada ya Misa atadanganya maili zake. Gari la thelathini litaitwa la arobaini na tano. La arobaini litaitwa la sitini, na tena siku hiyo lilikuwa linavuta trela. Hakuna anayemsuta mwenzake, kwa sababu zamu yake ya kudanganya inakuja.

Kwa hiyo Phelim, alipoona wenzake wanamtazama, akamuuliza dada yake kwa utani, "Hilo linakupa ngapi?"

"Ishirini na moja," akasema Dympna.

"Kwa galoni?"

"Kwa galoni, nikishuka mlima na upepo uko nyuma. Nikipanda ni kumi na saba."

Mzee mmoja akatazama chini, kama mtu aliyemkuta jirani yake hana nguo. Phelim akacheka, akasema dada yake amerudi na meli, imebaki kumletea bahari tu.

"Na wewe una nini, kaka?" akamjibu. "Una sanduku."

Hapo wote wakacheka, kwa sababu ni kweli. Phelim naye alikuwa na shangingi, jipya kuliko lile, lakini alikuwa amelifanya kama wanavyofanya nusu ya wanaume wa parokia. Aling'oa viti vyote vya nyuma na kuziba madirisha, ili lihesabiwe kuwa gari la mizigo. Gari la mizigo hulipa kodi ndogo ya barabara. Gari la familia lenye injini kubwa kama zile hulipa zaidi ya mara nne. Viti vyenyewe hutupwa ghalani, kuku wakatagia humo. Halafu Jumapili unamwona baba anakuja kanisani peke yake ndani ya shangingi, mama anamfuata na watoto katika kigari kingine, matangi mawili yanaungua, na baba anakueleza jinsi anavyobana matumizi.

Dympna hakung'oa kiti hata kimoja. Alikuwa na watoto, alisema, na watoto si mizigo. Alilipa kodi kamili mwaka baada ya mwaka, kwa mshahara wa kuogesha na kulisha watu katika nyumba ya wazee mjini, na kwa kondoo wachache aliowafuga kwenye kipande chake cha mlima. Matairi manne ya lile gari yalikuwa bei ya ndama mzuri. Mkanda wa injini ulipokatika, alikula viazi na kabichi mpaka rangi yake ikabadilika, na bado alipokuja kwangu aliniambia nijaze.

Watoto wakakua wakaondoka, kama wanavyoondoka watoto wa kwetu. Wawili wako Perth, mmoja Toronto, mmoja Dublin. Shangingi likabaki na dereva na mbwa. Ndipo maneno yalipoanza. Kila alipoingia kituoni alikuwapo wa kumuuliza kama bado anamfuga yule mnyama. Wengine walikuwa wameanza kununua magari ya umeme, wanayachomeka ukutani kama birika, na hao ndio waliokuwa wabaya zaidi. Mwenye baa alimwambia mbele ya watu kwamba kwa mafuta linayokunywa shangingi lile, angeweza kuwalewesha wanaparokia wote.

"Nyie mmelewa tayari," akamwambia, "na mimi sijanunua hata glasi."

Hakulalamika gharama wala hakuzificha. Ukimuuliza, alikutajia linakula kiasi gani, na nafikiri ukweli huo uliwaudhi watu kuliko gari lenyewe.

Mwaka dizeli ilipovuka euro mbili kwa lita, ofisi ya mabasi ya shule iliamua kwamba basi halitapanda tena mlimani. Watoto wa huko walikuwa sita, kutoka nyumba tatu, na sita hawatoshi. Lakini ukiwaondoa hao sita, shule ya Drumgarra ilikuwa haina idadi ya kubaki na walimu wawili. Watoto huhesabiwa mwishoni mwa Septemba, na mwalimu wa pili hubaki au huondoka kwa hesabu hiyo. Mwalimu mkuu, Bi Attracta Duffy, alikuja dukani kununua maziwa akatueleza bila kupamba. Akibaki peke yake na madarasa manane, wazazi wa bondeni nao watawahamisha watoto wao, na haitachukua muda mlango utafungwa.

Wazazi wa mlimani hawakuwa na ubaya. Wazazi wa Domantas ni Walithuania, wanachuma uyoga katika mabanda ya bondeni, na zamu yao huanza kabla jua halijachomoza. Mama yake Zlata alitoka Ukraine mwaka huohuo, naye alipata kazi palepale, hana gari wala leseni. Nyumba ya tatu ni ya akina McKenna. Baba ni dereva wa lori, leo yuko nyumbani, kesho yuko Ufaransa, na mama ana mtoto mchanga. Basi la shule ya mjini linapita mbele ya lango la mabanda ya uyoga. Walikuwa wameamua kuwapeleka watoto langoni alfajiri na kuwaandikisha huko mjini. Walikuwa wanasikitika, lakini wangefanyaje?

Dympna alizisikia habari hizi akiwa anasubiri chenji. Akaweka mkoba wake juu ya kaunta.

"Walichukua posta," akasema, "tukasema haya. Wakachukua polisi, tukasema haya, maana alikuwa analala tu. Wakachukua maziwa. Shule hawaichukui. Nina viti sita vitupu. Nimevilipia kodi miaka yote hii na nyie mkinicheka. Sasa vina watu."

Siku hiyohiyo akaomba zamu ya jioni kule kwa wazee. Juma lililofuata, asubuhi, nikaliona shangingi likishuka na vichwa vidogo kila dirisha.

Phelim alikuja kumkanya hapa kwenye pampu, mimi nikiwa nimeshika mpira wa mafuta mkononi. Alimwambia kupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa kumi na saba kwa galoni na bei hii ya leo, ataunguza mshahara wote.

"Mshahara ni wangu. Nauunguza ninavyotaka."

"Na watoto si wako."

"Mlima ni wangu," akasema Dympna. "Na wako pia, ila umeusahau kwa sababu unauona kila siku."

Phelim akapandisha kola yake akaenda zake.

Wazazi walitaka kuchangia mafuta, na yeye akawakatalia. Haikuwa majivuno. Akipokea hata euro moja kutoka kwa mzazi, gari linakuwa teksi, na bima inakufa siku hiyohiyo. Tayari alikuwapo mtu aliyepiga simu kwa watu wa bima kuuliza. Basi wakatafuta njia nyingine. Akitoka asubuhi alikuta kasha la uyoga mlangoni. Akirudi usiku alikuta gunia la udongo wa kinamasi uliokaushwa, ule tunaouchoma motoni, au mkate mweusi wa mama yake Zlata umefungwa kwa kitambaa. Hakuuliza nani ameweka. Kwetu kitu kilichoachwa mlangoni hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huwezi kukirudisha. Shangingi lilinuka uyoga mpaka Krismasi.

Phelim hakuacha kitu mlangoni. Yeye alisema tu. Katika baa alisema, baada ya Misa alisema, kwamba dada yake ana kichwa cha punda.

Ijumaa moja, Septemba inakaribia kwisha, Dympna aliingia kutia upepo matairi. Nikamuuliza kama nijaze. Akasema hapana, mshale wa mafuta umekufa tena, umesimama juu na haushuki, atakuja Jumatatu tujaze kwa kukisia. Mshale ule ulikuwa umewahi kufa mara nyingi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, si yeye wala mimi.

Jumatatu maofisa wa forodha waliweka kizuizi ng'ambo ya barabara, mbele ya kituo chetu. Wakulima wa kwetu wanaruhusiwa kununua dizeli ya bei nafuu kwa ajili ya trekta. Ndani yake hutiwa rangi ya kijani, na ole wako ikikutwa kwenye gari la barabarani. Maofisa huja bila taarifa, siku ya mnada au asubuhi ya mazishi, wanaingiza mrija kwenye tangi na kuangalia. Kwa hiyo ukiwaona, unajua mara moja nani hana raha. Asubuhi ile wanaume watatu walikumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu nyumbani.

Shangingi la Dympna lilishuka na watoto wake sita. Akasimamishwa. Ofisa alikuwa kijana mpole, akawasalimu watoto, akafungua kifuniko cha tangi, akashusha mrija. Ulipotoka ulikuwa kijani kama supu ya njegere.

"Mama, haya mafuta umeyatoa wapi?"

"Kwa huyu." Akaninyooshea kidole. "Kila wiki."

Kijana akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema mimi siuzi ya kijani, pampu zangu anazijua.

Dympna akautazama ule mrija. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake ulipoelewa kwamba mshale haukuwa umekufa. Phelim alikuwa amesimama chini ya paa letu, kikombe mkononi. Dympna hakumwangalia. Aliangalia kila mahali, kanisa, pampu, mawingu, ila pale aliposimama kaka yake.

"Nani ameyatia?" akauliza kijana.

"Gari ni la nani?"

"Lako."

"Tangi je?"

"Lako pia, mama."

"Basi andika jina langu."

Kijana akashusha sauti. Nafikiri alimhurumia. "Ukinitajia mtu, mambo yatakuwa mepesi."

"Kwani nimekwambia ni mazito?"

Akamweleza faini, ambayo ni maelfu, na kwamba gari litashikiliwa hadi ilipwe. Dympna akauliza kama anaweza kutoa mabegi ya watoto. Akawashusha, akawapanga kwa kimo, mdogo mbele, akatoa fulana ya manjano inayong'aa kutoka chini ya kiti akamvalisha Domantas, aliyekuwa mkubwa, akamweka mwisho. Kisha akashika mkono wa mdogo wa akina McKenna wakaanza kutembea.

Kutoka kituoni hadi shule ni kilomita mbili hivi, unapita baa, unapita buchani, unapita kanisa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Ile ni saa ambayo kila mtu yuko barabarani, na magari yakajipanga nyuma yao, maana Dympna hakukanyaga majani ya pembeni. Alitembea kwenye lami kama mtu aliyeilipia. Hakuna aliyepiga honi. Mwenye baa alikuwa anafagia mlangoni, akaacha, akabaki amesimama na ufagio.

Phelim aliweka kikombe chake juu ya pampu yangu, akaenda kukaa ndani ya shangingi lake, na muda mrefu ukapita hajaliwasha.

Jioni alinijia. Akaniambia kila kitu, maneno yanamtoka kwa shida. Alhamisi, siku ambayo Dympna hana zamu, dada yake alipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, yeye alichukua dumu la dizeli ya trekta akamimina lote kwenye tangi lake, pale nje ya kanisa.

"Nilitaka kumsaidia, Fonsi. Ningempa pesa angenitupia. Wenzangu wanaacha uyoga, mimi nina nini? Nina dizeli."

Alikuwa amekwenda kwake, akagonga, mlango haukufunguliwa. Sasa alikuwa na bahasha ya faini yote, na alitaka mimi niipeleke. Mimi kubeba maneno ya watu sikupendi, lakini mtu mzima alikuwa analia mbele ya mashine ya kupimia upepo, nikaichukua.

Dympna hakwenda zamu jioni ile, hakuwa na gari; alikuwa anamenya viazi. Nikaweka bahasha mezani nikaanza kusema imetoka kwa nani. Akaisukuma kwa kisu bila kuigusa.

"Azirudishe benki. Faini yangu nalipa mimi, kondoo ninao. Mwambie anajua ninachotaka."

Nikamwambia sidhani kama anajua.

"Anajua. Viko ghalani kwake, kuku wamevilalia." Akaendelea kumenya. "Kesho watoto hawana gari. Keshokutwa hawana. Ijumaa mama yake Domantas anapeleka majina mjini, amenieleza mwenyewe, na simlaumu, hawezi kupoteza zamu. Kaka yangu ana shangingi linalolala uani, zima, lenye afya. Arudishe viti. Afungue madirisha. Aende ofisini awaambie ni gari la watu, alipe kodi kamili kama ninavyolipa mimi. Akimaliza, mlango huu una kitasa."

Nikasema itamgharimu sana, kwa kuwa ni kweli.

"Inanigharimu mimi tangu nilipokuja," akasema. "Umeniona nimekufa?"

Nilipompelekea Phelim maneno hayo, alichukua bahasha akaenda.

Asubuhi yake nikapanda mlimani na kigari changu, nikijua nafasi zilizopo ni nne na watoto ni sita. Nilimkuta Bi Attracta ametangulia na gari lake la umeme, na nyuma yangu akaja mwenye baa na la kwake. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini amekuja. Tulikuwa tumeona wale watoto wakitembea, basi. Dympna alikuwa amesimama kwenye njia panda na mwavuli, akatugawia watoto kama anagawa sahani. Mwenye baa alipofika shuleni betri yake ilikuwa imeshuka karibu nusu kwa kupanda ule mlima, na mmoja wa akina McKenna alikuwa amemtapikia kiti.

"Linakupa ngapi?" Dympna akamuuliza mwenye baa siku iliyofuata, kwa upole kabisa.

Tulifanya hivyo siku zile za katikati ya juma, lakini mama yake Domantas hakudanganyika. Alisema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba watu wema ni wa wiki moja. Wiki ijayo mmoja ataumwa, mwingine atakuwa na mnada, na yeye atabaki na mtoto barabarani na bosi kwenye simu. Alikuwa sawa. Alhamisi jioni Bi Attracta alikuja dukani macho yamevimba, akanunua sigara, na mimi nilijua aliacha zamani.

Ijumaa ndiyo siku ya majina. Mama yake Domantas aliomba ruhusa kazini akabaki mlimani asubuhi ile, amevaa nguo za mjini, na mama yake Zlata pamoja naye. Tulikuwa tumesimama wote kwenye njia panda, watoto na mabegi, tuliposikia injini inatoka upande wa kwa Phelim.

Madirisha yalikuwa yamefunguliwa, gundi nyeusi bado imeng'ang'ania kioo. Viti vyote vilikuwamo. Phelim akashuka akafungua milango, na manyoya ya kuku yakatoka na upepo. Alikuwa na karatasi za kodi na za bima mkononi, akawa hajui ampe nani, mwishoe akampa mama yake Domantas. Yule mama akazisoma zote, mbele na nyuma. Kisha akaingia ndani, akaketi kwenye kila kiti kimoja kimoja, akavuta kila mkanda.

"Kila siku?" akamuuliza.

"Wiki moja mimi, wiki moja yeye," akasema Phelim, akimwonyesha dada yake kwa kidevu. "Lake likirudi."

"Na ukiumwa?"

"Siumwi."

"Yeye akiumwa?"

"Basi mimi."

Mama yake Domantas akamtazama Dympna. Dympna hakumsukuma. Yule mama akakunja zile karatasi, akamrudishia Phelim, akamwambia Domantas apande. Zlata akafuata. Mama yake Domantas hakwenda mjini siku ile.

Nilidhani sasa wale ndugu wawili watasemezana. Phelim alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi, mdomo unataka kufunguka.

"Mkanda wa katikati unakwama," Dympna akamwambia. "Utie mafuta. Na toa manyoya hayo, Zlata ana pumu."

Ndivyo walivyopatana.

Dympna aliuza kondoo wake mnadani akalipa faini mwenyewe, yote. Nani alitia dizeli ile, hakumwambia mtu. Phelim ndiye aliyejitangaza, amesimama chini ya paa letu mvua ikinyesha, wanaume wakiwa wamejaa, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi dukani. Walihesabu watoto mwishoni mwa mwezi, na mwalimu wa pili akabaki. Mwaka uliofuata akabaki tena. Ghalani kwa watu wengine viti vilianza kutoka, si vingi, viwili vitatu, na ofisi ya kodi labda ilijiuliza kuna nini Drumgarra.

Dizeli ilishuka kidogo, ikapanda tena. Shangingi la Dympna liliendelea kula kama lilivyokula siku zote. Alimfundisha mama yake Zlata kuendesha kwa gari lilelile, kwenye barabara ya kinamasi ambako huwezi kugonga kitu ila kondoo, na alipopata leseni akamwingiza kwenye bima yake. Mtu akamwambia bima itapanda. Akasema kila kitu kinapanda, hata watoto wa mlimani wanapanda, wasishuke tu.

Majira ya baridi ya tatu akaanza kukonda. Hakutuambia ni nini. Phelim alichukua baadhi ya wiki za dada yake bila kuambiwa, na mama yake Zlata akashika zilizobaki. Kabla ya Kwaresima tukasikia anakwenda hospitali Dublin, na kwamba padri ametangaza Misa ya pekee, mishumaa itawashwa, parokia nzima ije imwombee.

Siku moja kabla ya safari aliingia kituoni, anaendesha mwenyewe, ameketi juu ya mto kwa kuwa kiti kilikuwa kinamuumiza mifupa. Hakushuka. Nilijaza. Nilifuta kioo cha mbele, nikafuta na cha nyuma ambacho hakikuwa kichafu. Mwishoe nikasema nitakuwapo kwenye Misa yake, na kwamba kanisa litajaa.

Alifariki huko Dublin kabla ya Pasaka, na sikumwona tena. Lakini siku ile aliteremsha kioo mpaka chini, akaniangalia kwa macho yaleyale aliyokuwa nayo alipomjibu Phelim siku ya kwanza.

"Mwambie padri sitaki mishumaa," akasema. "Anayetaka kuniombea, Fonsi, aniombee akiwa kwenye usukani, na watoto wako nyuma."